Jicho, Nuru na Neno: Namna Jicho Linavyokusanya Mwanga na Kasoro Zake za Kawaida

Utangulizi

Kiswahili kina misemo mingi inayolichukulia jicho kuwa chombo kinachotoa kitu na kukipeleka nje. Mtu hutupa jicho, humkazia mwenzake macho, na anapochukiwa huogopa kupigwa jicho la husuda. Wahenga nao walisema kwamba macho hayana pazia, kana kwamba kuona ni safari inayoanzia ndani ya jicho na kuishia kwenye kitu kinachotazamwa. Dhana hii si ya Waswahili pekee. Baadhi ya wanafalsafa wa Ugiriki ya kale waliamini kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kuvigusa vitu.

Aliyeipinga dhana hiyo kwa hoja za kina ni Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 hivi na kufariki Cairo mnamo 1040 hivi. Katika kitabu chake Kitab al-Manazir, alieleza kwamba jicho huumia linapotazama jua. Ikiwa jicho ndilo linalotoa, mbona liumizwe na kile kinachotazamwa? Jibu lake lilikuwa kwamba mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Mnamo mwaka 1604, Johannes Kepler alikamilisha maelezo hayo alipoonyesha kwamba taswira ya kitu huundwa nyuma ya jicho, tena ikiwa imepinduliwa juu chini.

Makala haya yana malengo matatu. Kwanza, yanaeleza namna jicho la binadamu linavyokusanya mwanga ili kuunda taswira dhahiri. Pili, yanafafanua kasoro za kuona zinazowapata watu wengi na namna zinavyorekebishwa. Tatu, yanachunguza majina ambayo Kiswahili kimezipa sehemu za jicho na kasoro zake, kwa kuwa jina likipotosha, mgonjwa naye hupotea njia. Hoja kuu ni kwamba mtoto asiye na neno la kueleza anachokosa kuona huishia kuitwa mjinga au mvivu, na hilo ni jambo linalowahusu walimu wa lugha sawa na linavyowahusu madaktari.

Sehemu za Jicho na Majina Yake

Jicho la mtu mzima ni tufe lenye kipenyo cha milimita 24 hivi. Sehemu ya mbele kabisa ni konea, utando angavu usio na mishipa ya damu, wenye unene wa takriban nusu milimita katikati. Nyuma ya konea mna majimaji, kisha duara lenye rangi ambalo kwa wenyeji wengi wa Afrika Mashariki huwa la hudhurungi iliyokolea. Duara hilo huitwa irisi. Katikati ya irisi pana tundu linaloonekana jeusi, na ndilo lango la mwanga. Katika mwanga mkali tundu hilo hunywea hadi kufikia milimita 2 hivi. Gizani hupanuka na kwa vijana linaweza kufikia milimita 8.

Tundu hili ndilo linalostahili kuitwa mboni. Neno lenyewe lina historia ya kupendeza. Mzizi wa kitenzi 'ona' katika lugha nyingi za Kibantu huanza na sauti /b/: Wabukusu na Wazulu, kwa mfano, husema 'bona'. Kiswahili kiliidondosha sauti hiyo katika kitenzi, lakini nomino iliyotokana na mzizi uo huo iliihifadhi kwa sababu ilitanguliwa na king'ong'o. Mabadiliko ya namna hii humkumba kila mwanafunzi wa fonolojia anapolinganisha 'watu wawili' na 'nyumba mbili'. Mboni, basi, ni kionacho, na ni miongoni mwa maneno ya kale mno katika lugha hii. Tatizo ni kwamba wazungumzaji wengine hulitumia kwa maana ya tundu, wengine kwa duara lote la rangi, na wengine kwa tufe zima la jicho. Katika makala haya, mboni ni tundu pekee.

Nyuma ya mboni imo lenzi. Neno hili limetoholewa kutoka Kiingereza, ambacho nacho kilikopa jina la Kilatini la adesi, ile nafaka jamii ya kunde iliyo bapa na iliyovimba pande zote mbili. Waarabu nao hulitumia neno la adesi kwa maana zote mbili, ya nafaka na ya lenzi. Mwalimu anayetaka wanafunzi wake wakumbuke umbo la lenzi ya jicho hana haja ya mchoro. Punje moja ya adesi kiganjani inatosha.

Lenzi imezungukwa na msuli ulio kama pete, nayo imeshikanishwa na msuli huo kwa nyuzi nyembamba sana. Nyuma yake tufe limejaa ute mzito ulio angavu. Ukuta wa ndani wa nyuma umefunikwa na retina, utando wenye seli zinazohisi mwanga. Seli hizo ni za aina mbili: zenye umbo la vijiti, takriban milioni 120, ambazo hufanya kazi katika mwanga hafifu, na zenye umbo la pia, takriban milioni 6, ambazo hutofautisha rangi na kuona mambo madogo madogo kama herufi. Seli za pia zimesongamana zaidi katika doa dogo lililo katikati ya retina. Anayesoma huelekeza doa hilo kwenye kila neno.

Habari zote za retina hukusanywa na nyuzi za neva zipatazo milioni moja ambazo hutoka nje ya jicho mahali pamoja na kwenda kwenye ubongo. Hapo zinapotokea hapana seli za kuhisi mwanga, kwa hivyo kila jicho lina doa pofu. Msomaji anaweza kulithibitisha hili. Achore msalaba mdogo kwenye karatasi, kisha nukta nene upande wa kulia, umbali wa sentimita 8. Afumbe jicho la kushoto, akaze jicho la kulia kwenye msalaba, na aisogeze karatasi taratibu kutoka umbali wa mkono ulionyooshwa. Inapofika sentimita 30 hivi kutoka usoni, nukta hutoweka, na ikisogezwa zaidi hurejea. Kila siku mtu hutembea na pengo hilo bila kujua, kwa kuwa ubongo hulijaza.

Safari ya Mwanga

Mwanga husafiri angani kwa kasi ya takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Unapoingia majini kasi hiyo hupungua hadi 225,000 hivi. Mwale ukiingia majini kwa mshazari, hupinda. Mfano wa mkokoteni unafaa hapa. Mkokoteni unaotoka kwenye lami na kuingia kwenye mchanga kwa pembe hutanguliza gurudumu moja mchangani. Gurudumu hilo hupunguza mwendo ilhali lenzake lingali likienda kasi kwenye lami, basi mkokoteni mzima hugeuka. Ndivyo mwale unavyogeuka unapovuka mpaka kati ya hewa na kitu kingine kilicho angavu. Ndiyo sababu pia kijiko kilichotumbukizwa katika bilauri ya maji huonekana kana kwamba kimevunjika.

Konea imejipinda kama kuba, na hivyo miale inayoingia kutoka pande zake mbalimbali hupindwa yote kuelekea ndani. Wengi hudhani kwamba lenzi ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kuukusanya mwanga. Sivyo. Nguvu ya kupinda mwanga hupimwa kwa kizio kiitwacho diopta, na jicho zima lina takriban diopta 60. Kati ya hizo, 40 na ushei ni za konea. Lenzi huchangia zilizosalia. Sababu ni kwamba tofauti kubwa ya kasi ya mwanga ipo kati ya hewa na konea, si kati ya majimaji ya jicho na lenzi. Mpiga mbizi anayefumbua macho baharini bila kinga huona ukungu mtupu kwa sababu hiyo hiyo. Maji na konea huupitisha mwanga kwa kasi zinazokaribiana, hivyo konea hupoteza karibu nguvu zake zote. Akivaa kioo cha kuzamia, hewa hurejea mbele ya jicho na samaki huonekana dhahiri.

Ikiwa konea ina nguvu hivyo, lenzi ni ya nini? Konea haibadiliki umbo, nayo lenzi hubadilika. Miale inayotoka kwenye kitu kilicho mbali, kwa mfano mlima, hufika jichoni ikiwa sambamba. Miale inayotoka kwenye ukurasa ulio karibu hufika ikiwa inatawanyika, na huhitaji kupindwa zaidi ili ikutane kwenye retina. Mtu anapotazama karibu, msuli wa pete hujikaza na duara lake hupungua. Zile nyuzi zinazoishika lenzi hulegea, na lenzi iliyo nyumbufu huvimba katikati. Anapotazama mbali, msuli hulegea, nyuzi hukazika, na lenzi huvutwa ikawa bapa zaidi. Kwa hiyo kusoma ni kazi kwa jicho, na kutazama mbali ni mapumziko. Mwanafunzi aliyejifungia maktabani kwa saa nyingi na kuhisi macho yamechoka hana budi kuinua kichwa mara kwa mara na kutazama nje ya dirisha.

Jaribio dogo linathibitisha jambo hili. Mtu afumbe jicho moja, anyanyue kidole mbele ya jicho jingine, na atazame kidole hicho huku nyuma yake pana mti. Kidole kikiwa dhahiri, mti huwa na ukungu. Akiuhamishia mti nadhari, kidole nacho hufifia. Hakuna jicho linaloweza kuviona vyote viwili kwa udhahiri sawa wakati mmoja.

Kasoro Nne Zinazorekebishwa kwa Lenzi

Kuona vizuri kunategemea ulinganifu kati ya nguvu ya jicho na urefu wake. Taswira sharti iangukie kwenye retina. Ulinganifu ukikosekana, taswira huangukia mahali pasipofaa.

Kasoro ya kwanza ni kutoona mbali. Aghalabu jicho la mtu wa aina hii ni refu kuliko inavyotakikana. Miale kutoka mbali hukutana kabla ya kufika kwenye retina, kisha hutawanyika tena, na kinachofika ni ukungu. Tofauti ndogo huleta athari kubwa: jicho likizidi urefu kwa milimita moja, kasoro hukaribia diopta 3. Hesabu yake ni nyepesi. Ukigawanya 1 kwa idadi ya diopta, unapata umbali, kwa mita, ambao mtu huona dhahiri bila msaada. Mwenye kasoro ya diopta 2 huona vyema hadi nusu mita tu. Mwenye diopta 4 huona hadi robo mita. Kwa mwanafunzi kama huyo, daftari lake ni dhahiri lakini ubao ni ukuta mweusi wenye mikwaruzo. Hurekebishwa kwa lenzi iliyobonyea katikati, ambayo huitawanya miale kidogo kabla haijaingia jichoni.

Kasoro ya pili ni kutoona karibu. Hapa jicho ni fupi, au nguvu yake ni pungufu, na miale huifikia retina kabla haijakutana. Kijana mwenye kasoro hii anaweza kuificha bila kujua, kwa kuwa msuli wake wa jicho hujikaza muda wote ili kufidia upungufu. Huona mbali na huona karibu, ila hulipa gharama: kichwa humuuma, macho humchoka, na kusoma humchosha kuliko wenzake. Huyu naye huitwa mvivu wa kusoma. Hurekebishwa kwa lenzi iliyovimba katikati mfano wa adesi.

Kasoro ya tatu huitwa astigmatizimu. Konea ya kawaida imejipinda sawasawa pande zote kama mpira wa miguu. Katika kasoro hii hujipinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, mfano wa yai lililolazwa. Matokeo ni kwamba mistari ya wima na ya mlalo haiwezi kuwa dhahiri kwa pamoja. Thomas Young, mwanasayansi Mwingereza, aliieleza kasoro hii mnamo 1801 baada ya kuigundua katika jicho lake mwenyewe. Hurekebishwa kwa lenzi yenye nguvu tofauti katika pande zake.

Kasoro ya nne haimbagui yeyote ajaliwaye umri. Lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu kadiri miaka inavyosonga. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuongeza zaidi ya diopta 10 anapotazama karibu. Afikapo miaka 45 hubakiwa na 3 au 4 hivi, na akiwa na miaka 60 hubakiwa na takriban moja. Kusoma kitabu kilicho umbali wa sentimita 40 huhitaji diopta 2.5, na hakuna msuli unaoweza kufanya kazi kwa nguvu zake zote saa nzima. Ndipo mhadhiri huanza kuisukuma tasnifu ya mwanafunzi mbali na uso wake, kisha huinyoosha mikono, hata siku moja mikono ikawa mifupi. Hali hii si ugonjwa. Miwani ya kusomea, yenye lenzi zilizovimba katikati, huitatua.

Ipo njia rahisi ya kutambua ikiwa tatizo la mtu ni la kupinda mwanga au ni la namna nyingine. Atoboe karatasi ngumu kwa sindano na achungulie kwa jicho moja kupitia kitundu hicho. Kitundu huruhusu mwale mwembamba tu kutoka kila nukta, na mwale huo hauhitaji kukusanywa sana. Maandishi yaliyokuwa na ukungu yakiwa dhahiri zaidi, yamkini miwani itamfaa. Yasipobadilika, huenda tatizo liko kwenye lenzi, retina au neva. Jaribio hili halichukui nafasi ya mpima macho, lakini linaonyesha kwamba fizikia ya jicho haikufungiwa hospitalini.

Kasoro Zisizorekebishwa kwa Miwani Pekee

Baadhi ya maradhi hayahusu ulinganifu wa nguvu na urefu. Mtoto wa jicho ni hali ambapo lenzi iliyo ndani ya jicho hupoteza uangavu wake na kuwa na ukungu, hasa uzeeni. Jina hili limezua fikra kwamba kuna kitu kinachoota juu ya jicho na ambacho chaweza kukwanguliwa au kuoshwa kwa dawa ya matone. Hakuna dawa ya matone inayouondoa ukungu huo. Tiba ni upasuaji wa kuiondoa lenzi iliyoharibika na kuweka ya plastiki mahali pake. Daktari Harold Ridley alifanya upasuaji wa kwanza wa kupandikiza lenzi ya namna hiyo London mnamo 1949. Alikuwa amebaini kwamba vipande vya plastiki vilivyoingia machoni mwa marubani wa vita havikuleta uvimbe.

Glakoma, ambayo watu huiita presha ya macho, huiharibu neva ya jicho. Mara nyingi huambatana na shinikizo kubwa la majimaji ndani ya jicho, ingawa huweza kutokea hata shinikizo likiwa la kawaida. Huanza kwa kula kingo za upeo wa macho, na mgonjwa haoni dalili hadi uharibifu umekwenda mbali. Kilichopotea hakirudi, ila matibabu huweza kuzuia hasara zaidi. Jina la presha ya macho nalo lina kasoro: mgonjwa anaweza kudhani kwamba dawa zake za presha ya damu zinatosha, ilhali haya ni mambo mawili tofauti. Aliye na mzazi au ndugu mwenye glakoma anapaswa kupimwa hata kama anaona vizuri.

Upungufu wa vitamini A nao huleta kutoona usiku, na kwa watoto wadogo huweza kuiharibu konea kabisa. Mapapai, maembe, karoti, maini na mboga za majani hukinga hali hii. Hata hivyo, karoti haziwezi kulifupisha jicho lililorefuka.

Jicho Darasani

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kuhusu uoni mnamo mwaka 2019. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani walikuwa na upungufu wa kuona mbali au karibu. Miongoni mwao, wasiopungua bilioni moja walikuwa na upungufu ambao ungeweza kuzuiwa au ulikuwa bado haujashughulikiwa. Sehemu kubwa ya hao hawakuhitaji zaidi ya miwani au upasuaji wa mtoto wa jicho.

Nchini Kenya, utafiti uliofanywa katika shule 50 za Kaunti ya Trans Nzoia na kuchapishwa mnamo 2018 una funzo kwa wanalugha. Walimu walifunzwa kupima macho ya wanafunzi. Katika nusu ya shule, walimu walitumia programu ya simu. Wazazi wa watoto waliopatikana na kasoro walipelekewa picha iliyoonyesha namna mtoto wao alivyouona ulimwengu, na wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Katika nusu nyingine, walimu walitumia kadi ya kawaida ya herufi, na watoto wakapewa barua. Katika kundi la kwanza, asilimia 54 ya watoto walioelekezwa kwenda kuchunguzwa walikwenda. Katika kundi la pili, walikwenda asilimia 22 pekee. Madaktari walikuwa wale wale na macho yalikuwa ya namna ile ile. Kilichotofautiana sana ni jinsi habari ilivyowasilishwa kwa mzazi. Hili ni suala la mawasiliano, na mawasiliano ni uwanja wa wanafunzi wa lugha.

Mtoto aliyezaliwa na kasoro hajui kwamba wengine huona tofauti. Hudhani kwamba ubao ni ukungu kwa kila mtu na kwamba wenzake wana akili za kuubahatisha. Kwa hivyo hatasema, "Mwalimu, sioni." Atanakili kutoka kwa jirani, atapigwa kwa kuongea darasani, na hatimaye ataacha kujaribu. Dalili zipo kwa mwalimu aliye makini: mtoto hukunja uso, husogea mbele, huinamisha kichwa upande, huligusanisha daftari na pua, au huruka mistari anaposoma kwa sauti. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye humsikiliza kila mwanafunzi akisoma ufahamu, yumo katika nafasi nzuri ya kuziona kabla ya wengine.

Imani potofu nazo huongeza tatizo. Wapo wanaosema kwamba miwani huyaharibu macho ya mtoto na kuyafanya yaitegemee. Miwani sahihi hailibadilishi jicho. Inapovuliwa, ukungu uliokuwepo tangu awali hudhihirika zaidi kwa kuwa mtoto sasa ameujua udhahiri. Wengine huiona miwani kuwa maringo, na humtania mvaaji kwa kumwita profesa. Wazazi pia hufaa kufahamu kwamba kucheza nje kuna faida. Katika utafiti uliofanywa Guangzhou, Uchina, na kuchapishwa mnamo 2015, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30 hivi kati yao walikuwa wamepata kasoro ya kutoona mbali, ikilinganishwa na takriban asilimia 40 ya wale ambao hawakuongezewa muda huo.

Suala la Istilahi

Istilahi za Kiingereza hutaja kile ambacho mgonjwa anaweza kukiona. Zikitafsiriwa sisisi, mwenye kutoona karibu ataitwa 'mwona mbali'. Lakini katika Kiswahili, kuona mbali ni sifa ya mwenye hekima na busara. Wahenga walisema kwamba mzee akiwa ameketi huona mbali kuliko kijana aliyepanda juu ya mti. Daktari anayemwambia ajuza, "Mama, tatizo lako ni kuona mbali," atakuwa amemsifu badala ya kumweleza ugonjwa wake. Kinyume chake, mwanafunzi anayeambiwa kwamba yeye ni 'mtu asiyeona mbali' anaweza kudhani kwamba ametukanwa.

Suluhisho ni kulitaja pungufu lenyewe na kulifunga kwa jicho: 'kasoro ya kutoona vitu vya mbali' na 'kasoro ya kutoona vitu vya karibu'. Urefu wa maneno haya ni gharama ndogo kuliko gharama ya kutoeleweka. Vivyo hivyo, 'mtoto wa jicho' ni jina lililokwisha kukita mizizi na halipaswi kung'olewa, ila kila linapotumiwa katika kitabu cha shule liandamane na maelezo kwamba ni ukungu wa lenzi iliyo ndani. Neno 'chamba cha jicho', ambalo kamusi hulieleza kuwa utando mweupe juu ya jicho, libaki kwa maradhi ya juu ya jicho pekee. Nayo 'mboni' iachiwe tundu, huku 'irisi' ikichukua duara la rangi. Kwa njia hii, lugha itatumia hazina yake ya kale pale inapotosha, na itakopa pale inapohitaji.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba jicho hupokea mwanga, huupinda kwa konea, huurekebisha kwa lenzi, na kuutua kwenye retina. Yamefafanua kwamba milimita moja ya ziada yaweza kumnyima mtoto ubao, na kwamba kasoro nyingi kati ya zilizo za kawaida hurekebishwa kwa vipande viwili vya kioo. Yameonyesha pia kwamba Kiswahili kina uwezo wa kuyaeleza haya yote, mradi wanaokitumia wachague maneno kwa uangalifu.

Ingefaa vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vishirikiane na wauguzi na walimu katika kuandaa maelezo mafupi ya Kiswahili sanifu kuhusu macho, ili mzazi anayepokea barua kutoka shuleni aielewe na kuitekeleza. Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Lakini yupo mwenye macho ambaye hutazama na asione, naye huketi nyuma ya darasa akisubiri mtu amuulize swali moja tu: "Unaliona neno nililoliandika ubaoni?"